MDENI WA MAPENDO
Mafundisho kwa wanafunzi waendao kutumikia katika nchi za kigeni (Luka 10, 25-37)

Mwalimu mmoja wa Sheria alimwuliza Yezu jirani yake ni nani. Bwana hakumjibu kwa maneno ya sheria, bali kwa habari ya mtu mmoja aliyetelemka toka Yeruzalemu kwenda Yeriko, akaangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Kila Mkristu anaijua habari hiyo tangu siku za katekisimu. Anajua kwamba kuhani alipita, na Mlawi akapita. Lakini Msamaria, mtu wa kabila jingine, alisimama, akayafunga madonda ya yule mtu, akampandisha juu ya mnyama wake, akamlipia gharama katika nyumba ya wageni.

Jambo moja lakini husahauliwa. Watu wanapoisikiliza Injili hiyo, karibu wote hujiweka mahali pa Msamaria. Wachache hujilaumu kwamba wamefanana na kuhani au na Mlawi. Hakuna apendaye kujiona amelala njiani, amevuliwa nguo, hawezi kusimama, akingoja huruma ya mpita njia. Nafasi hiyo huachiwa wengine: maskini, wagonjwa, watu wa nchi za mbali. Kumbe, mtu asiyejua kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuokotwa njiani hawezi kumwokota mwenzake jinsi Kristu anavyotaka. Atamwinua mwili na kumshusha moyo.

Neno hili linawahusu hasa wanafunzi wanaofunga mizigo yao kwenda kutumikia ng'ambo.

I. NIA NJEMA NA UPUNGUFU WAKE

Siku hizi wanafunzi wengi hutumia likizo zao kwenda kusaidia katika nchi zisizo zao. Wengine hukaa majuma mawili, wengine mwezi, wengine mwaka mzima kabla ya kuanza masomo ya chuo kikuu. Hujenga madarasa, hufundisha watoto, hupaka chokaa kuta za zahanati, huwatembelea mayatima. Wengi hutoka Ulaya na Amerika. Lakini vijana wa Afrika nao hutumwa na parokia na shule zao kwenda kuwasaidia jirani zao ng'ambo ya mpaka. Ni tendo jema. Kijana ambaye angeweza kupumzika nyumbani kwa wazazi wake anakubali kulala juu ya mkeka, kula chakula asichokizoea, na kuumwa na mbu kwa ajili ya watu asiowajua. Mungu, anayehesabu hata kikombe cha maji baridi, hausahau utumishi huo.

Hata hivyo, nia njema ni kama mbegu: haijawa bado mavuno. Mwezi wa Aprili 1968, Monsinyori Ivan Illich, padre aliyekuwa na kituo cha mafundisho huko Cuernavaca katika nchi ya Mexico, aliwahutubia wanafunzi Wakatoliki waliokuwa wakijiandaa kwenda vijijini Mexico wakati wa likizo. Walitazamia kupongezwa, naye akawakemea. Aliwaambia kwamba waje kutazama, waje kujifunza, lakini wasijidai kuja kusaidia. Wengi wao hawakuweza hata kuzungumza Kispanyola na wale waliotaka kuwafaidia. Hivyo hawakuweza kujua kama watu wanawahitaji au wanawavumilia tu. Akawaonyesha kwamba kwao pia kuna maskini, nao wanaweza kuwaambia waziwazi waondoke kama kazi yao haifai. Maskini wa nchi ya mbali hawezi kumfukuza mgeni.

Maneno hayo ni makali, lakini yana ukweli unaoonekana hata leo. Kijana asiyewahi kushika mwiko wa mwashi anavuka bahari ili ajenge ukuta, na fundi wa kijiji, ambaye angeujenga vizuri zaidi, anakaa pembeni bila kazi, akitazama. Nauli ya ndege ya mgeni mmoja ingeweza kumlipa fundi huyo siku nyingi. Katika nyumba za mayatima, watoto huwazoea wageni, huwaita kaka na dada, huwashika mikono. Baada ya majuma machache wageni huondoka, na watoto waliokwisha kuachwa mara moja huachwa tena, mara kumi, mara ishirini. Mgeni hurudi kwao na furaha. Mtoto hubaki na kidonda.

Je, basi, mwanafunzi abaki nyumbani? La. Kama kila mtu angebaki nyumbani, Injili isingalifika pande za Ziwa Tanganyika, wala Msamaria asingalikuwa njiani siku ile. Ulizo si kama kijana aende au asiende. Ulizo ni hili: aende kama nani? Jibu laonekana katika maisha ya mwanafunzi mmoja Mwafrika, aliyefika ng'ambo ya ziwa hilo zamani.

II. MWANAFUNZI WA MALTA

Adrien Atiman alizaliwa mnamo mwaka 1866 kando ya mto Niger, karibu na Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Alipokuwa bado mtoto alinyakuliwa na watu wa jangwani, akatengwa na wazazi wake, akauzwa. Akapitishwa jangwa la Sahara kama bidhaa, pamoja na mizigo mingine, mpaka kaskazini, katika nchi ya Algeria. Huko Mapadre Weupe walimkomboa kwa fedha. Ndiye mtu wa njia ya Yeriko kweli: alinyang'anywa nchi yake, lugha yake, na jina la mwana wa mtu fulani, naye akaokotwa na wageni.

Askofu Mkuu wa Alger wakati ule alikuwa Charles Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadre Weupe mwaka 1868, na kufanywa Kardinali mwaka 1882. Yeye aliona kwamba wamisionari wa Ulaya wangeweza kuianza kazi tu. Kazi ya kudumu haina budi kufanywa na Waafrika wenyewe. Ndiyo sababu alifungua nyumba ya masomo katika kisiwa cha Malta mwaka 1881, ili vijana waliokombolewa wasomee uganga katika chuo kikuu cha huko, kisha watumwe Afrika ya kati kama waganga na makatekista pamoja. Atiman alikuwa mmoja wao. Alisoma miaka kadha, na mwaka 1888 akayamaliza masomo yake.

Mtu atafakari hali ya kijana huyo. Alikuwa na elimu ambayo Waafrika wachache sana walikuwa nayo wakati ule. Alikuwa huru. Akatumwa katika nchi ambayo haikuwa kwao, kwa watu wasiokuwa ukoo wake, mbali na mto Niger kuliko Alger na Malta. Afrika ni moja katika ramani. Lakini kwa mtoto wa Timbuktu, mwambao wa Tanganyika ulikuwa ugenini kabisa. Hakuijua lugha yao, wala desturi zao, wala magonjwa yote ya nchi yao.

Alikwenda. Kutoka pwani ya bahari ya Hindi wamisionari walisafiri kwa miguu pamoja na wapagazi, na safari kama hiyo ilichukua miezi. Mwaka 1889 alifika Karema, upande wa mashariki wa ziwa. Pale palikuwa na ngome iliyojengwa na Wabelgiji wa Chama cha Kimataifa cha Afrika mwaka 1879, na kukabidhiwa Mapadre Weupe mwaka 1885, pamoja na Mpala, iliyoko upande wa Congo. Biashara ya watumwa ilikuwa bado inaitesa nchi. Katika misioni walikaa watoto na watu wazima waliokombolewa kutoka minyororo. Mganga mpya alipowainamia watoto hao ili azitazame alama za kamba, alikuwa akijiona mwenyewe.

Alikuwa kijana wa miaka 23 hivi. Akaoa mwanamke wa nchi ile, Agnes Wansahira, na mwana wao Yosefu akawa padre. Aliuguza wagonjwa na kufundisha dini. Wajerumani walitawala, wakaondoka. Waingereza wakatawala baada yao. Mganga wa Karema alibaki. Alifariki huko huko Karema mwaka 1956, akiwa mzee wa miaka kama 90, baada ya kutumikia miaka 67. Mwanafunzi aliyetumwa alikuwa amegeuka mwenyeji wa kaburi lake.

III. MFADHILI NA MDENI

Nini tofauti kati ya safari ya Atiman na safari ya yule kijana ajengaye ukuta? Si wingi wa miaka tu. Wako watu waliokaa ugenini miaka mingi bila kumtumikia mtu ila nafsi yao. Tofauti iko ndani: mmoja huenda kama mfadhili, mwingine huenda kama mdeni.

Mfadhili husema moyoni: Ninacho, wao hawana, nitawapa. Mdeni husema: Nilipewa nisichostahili, ni lazima nilipe. Mtakatifu Paulo, alipowaandikia Warumi (1, 14), hakujiita mfadhili wa mataifa. Alijiita mdeni wao, wa Wagiriki na wa wasio Wagiriki, wenye hekima na wasio nayo. Nao hawakuwa wamemkopesha kitu. Deni lake lilikuwa kwa Kristu, aliyemshika katika njia ya Damasko, na Kristu alitaka deni hilo alipwe katika watu wale.

Vivyo hivyo Atiman. Waliomkomboa walikuwa Algeria. Waliolipwa walikuwa Karema. Ndiyo hesabu ya mapendo, isiyofanana na hesabu ya dukani. Dukani, mtu humlipa yule yule aliyemkopesha. Katika Ufalme wa Mungu, mtu humlipa jirani mwingine kwa yale aliyotendewa na jirani wa kwanza. Yezu aliwakumbusha Mitume kwamba walipokea bila malipo. Na kwa hiyo watoe bila malipo (Mt 10, 8).

Pengine mwanafunzi atasema: Lakini mimi sikuuzwa kamwe, wala sikufungwa kamba. Mtume anawajibu Wakorinto, na kila mbatizwa pamoja nao, kwamba wamenunuliwa kwa thamani (1 Kor 6, 20). Thamani hiyo ni Damu ya Mwana wa Mungu. Kila Mkristu alilala katika njia ya Yeriko, ameumizwa na dhambi, naye Kristu, Mgeni aliyetoka mbinguni, alishuka akamwokota. Ubatizo ni ile siku ya kuokotwa. Hakuna mwanafunzi Mkristu anayekwenda ng'ambo akiwa mtu asiye na deni.

Wahenga wamesema: dawa ya deni kulipa. Mdeni mwema hutambulikana kwa alama tatu.

Alama ya kwanza: mdeni hujitayarisha. Mfadhili anaweza kutoa chochote, maana anadhani kila akitoacho ni zawadi. Mdeni hawezi kulipa kwa fedha mbovu. Atiman hakutumwa kwa wagonjwa na huruma peke yake. Alikaa darasani miaka, akajifunza mwili wa binadamu, dawa na majeraha. Huruma isiyo na ujuzi hupasua jipu kwa kisu kichafu. Mwanafunzi anayetaka kutumikia aanze na kitabu, na lugha ya watu, na kazi ya mikono iliyo ya kweli. Kama hajui kusalimu wazee wa kijiji kwa lugha yao, ajue kwamba safari yake bado haijaiva.

Alama ya pili: mdeni hatazamii kushukuriwa. Mtu anapolipa deni sokoni hapigi ngoma, wala hawaiti watu waje kumtazama. Wanafunzi wa siku hizi wana jaribu ambalo Atiman hakulijua: picha. Kabla hawajajua jina la mtoto wamekwisha kumpiga picha, na jioni picha hiyo inaonekana na watu mamia. Yezu aliamuru kwamba mkono wa kushoto usijue afanyalo mkono wa kuume (Mt 6, 3). Afadhali kurudi bila picha hata moja, na majina ishirini ya watu katika sala za kila siku, kuliko kurudi na picha mia bila jina hata moja.

Alama ya tatu: mdeni hachagui namna ya kulipa. Mfadhili hufika na mpango wake: ukuta, rangi, michezo. Mdeni huuliza kwanza anadaiwa nini. Kiswahili kina mithali mbili juu ya mgeni, nazo zaenda pamoja. Ya kwanza husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika ya kwanza mgeni huleta uzima. Katika ya pili mwenyeji ndiye atoaye jembe, na mwenyeji ndiye aonyeshaye shamba. Mgeni asiyekubali kuonyeshwa shamba hawezi kumponya mwenyeji. Fundi na awe mkubwa wa kazi, mwanafunzi amchukulie matofali. Hapo ukuta utasimama imara, na heshima ya fundi itasimama pamoja nao.

Tena kuna jambo gumu kuliko hayo yote: kukubali kutumikiwa. Katika karamu ya mwisho, Petro alikuwa tayari kumfia Bwana wake, lakini hakuwa tayari kuoshwa miguu. Alikataa kwa nguvu. Yezu alimwambia kwamba asipomwosha hana fungu naye (Yn 13, 8). Wapo vijana wenye bidii waliofanana na Petro: hutoa mchana kutwa, lakini mama mjane akiwaletea yai moja, hulikataa kwa kuwa yeye ni maskini. Wanadhani wamemhurumia, kumbe wamemnyima haki yake. Huyo mama alitaka kuwa jirani, nao wamemfanya kuwa mpokeaji tu. Mdeni hulipokea yai hilo kwa mikono miwili, hulila mbele yake kwa shukrani, na kuongeza deni lake.

IV. KWA YULE ANAYEKWENDA KWA MUDA MFUPI

Si kila mwanafunzi ataitwa kukaa miaka 67. Kapteni Leopold Joubert, aliyewalinda watu na wanyang'anyi wa watumwa upande wa Congo wa ziwa lile lile, naye alikaa huko hata kufa kwake mwaka 1927; lakini wito wa namna hiyo Mungu huwapa wachache. Wengine wanatakiwa kurudi kwenye masomo, na kwa wazazi wao, na katika kazi zao. Je, mwezi wao mmoja ni bure?

Si bure, ikiwa mwezi huo ni mwanzo. Mfadhili akirudi nyumbani huona amekwisha: alitoa, akapongezwa, akafunga daftari. Mdeni akirudi nyumbani huona daftari limefunguliwa. Alilala nyumbani mwa watu, akala ugali wao, akafundishwa lugha yao na watoto wao, akasamehewa makosa yake ya ugeni. Deni limezidi. Wa kulipwa nao hawako ng'ambo peke yao: wako mlangoni pake. Ni mkimbizi aliyehamia mtaa wake bila kujua lugha; ni mwanafunzi mwenzake wa nchi nyingine anayekaa peke yake siku ya sikukuu; ni mzee asiyetembelewa; ni mtumishi wa nyumbani kwao ambaye hakuna aliyewahi kumwuliza habari za watoto wake. Aliyemtumikia mgeni mbali na kumpita mgeni aliye karibu ni Mlawi aliyebadili njia tu.

Basi safari fupi ipimwe kwa mwaka unaofuata. Kama mwaka huo umejaa barua kwa wenyeji wake, umejaa sala, na mikono yake imeanza kuwagusa maskini wa kwao, safari ilikuwa njema. Kama mwaka huo umejaa masimulizi peke yake, safari ilikuwa matembezi.

MASWALI YA KUTAFAKARI

Kabla ya kuondoka, mwanafunzi apige magoti mbele ya Sakramenti Takatifu, ajiulize haya:

1. Ni nani walioniokota mimi njiani? Awataje kwa majina: wazazi, katekista, mwalimu, muuguzi, na yule asiyejulikana aliyelipa ada ya shule.

2. Watu ninaokwenda kwao wameniita? Wameomba nini hasa? Nimewauliza?

3. Nimejifunza nini kwa ajili yao? Lugha yao naijua kiasi gani?

4. Kazi nitakayoifanya, je, yupo mwenyeji anayeiweza kuliko mimi, naye akose mkate kwa ajili yangu?

5. Nikirudi, nitamlipa nani katika mtaa wangu?

Asipoweza kujibu, asikate tamaa, bali angoje kidogo na kuendelea kujiandaa. Atiman naye alingoja Malta mpaka masomo yake yakaisha. Na akiweza kujibu, aondoke kwa furaha, mikono mitupu na moyo wazi, akijua kwamba Kristu amemtangulia kule aendako, katika mtu wa kwanza atakayemkaribisha na kumpa maji ya kunywa.